Ufafanuzi Kuhusu Fahali Saruji na Darubini ya Shule

Vijana wa shule hii,

Siku ile maabara yenu mpya ilipofunguliwa, mgeni wa heshima, ambaye mwenyewe aliwahi kusoma hapa, alishika kipaza sauti akawasimulia kisa cha "mzee fulani wa maabara" aliyefunga lenzi za darubini nyuma mbele, hata fahali aliyeshindwa akaonekana ameshinda. Mlicheka. Hata waliokuwa nyuma kabisa, ambao nina hakika hawakusikia neno, walicheka ili wasiachwe. Mzee huyo wa maabara ni mimi. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, chini ya hema, nimevaa tai.

Niliinuka ili nisahihishe. Kabla sijafungua kinywa, mkono ulinishika koti kutoka kiti cha jirani. Ulikuwa mkono wa Mzee Shivachi, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule hii katika miaka yangu ya kazi.

"Keti, Bwana Maabara," aliniambia kwa sauti ya chini. "Keti, tafadhali."

Nikaketi. Naomba ieleweke kwamba niliketi kwa heshima ya umri wake. Sikuketi kwa kukubali.

Sikufunga lenzi yoyote nyuma mbele. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kufanya hivyo, na nimefunga za shule nyingi, kutoka hapa mjini Kakamega hadi Likuyani. Sasa mwalimu anayesimamia jarida lenu ameniomba niandike machache kuhusu kazi yangu. Nashukuru. Nitaandika, na nitaanza na jinsi hadubini na darubini zinavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua hilo hawezi kuelewa ni kwa kiasi gani nimeonewa.

Lenzi ni kioo kilichosuguliwa kikavimba katikati. Kazi yake ni moja, kupinda mwanga. Miale inayotoka kwenye kitu ikipita ndani yake hupindwa ikakutanishwa upande wa pili, na pale inapokutana hujengeka picha ya kitu hicho. Njiani miale hupishana: iliyotoka juu hufikia chini, iliyotoka kulia hufikia kushoto. Kwa hiyo picha huwa imepinduka, kichwa chini miguu juu. Huo si ubovu. Ndivyo mwanga unavyokwenda. Hata ndani ya jicho lako, hivi sasa unaposoma, maneno haya yamepinduka. Ubongo ndio unaoyanyoosha, tena bila kudai marupurupu.

Hadubini na darubini ni ndugu wa baba mmoja. Kila moja ina lenzi ya mbele, inayoelekea kitu, na lenzi ya jicho, ambayo mtazamaji huisogelea. Ya mbele hutengeneza picha, na ya jicho huikuza picha hiyo, kama mzee anayesoma gazeti kwa kioo cha kukuzia. Tofauti yao ni kitu wanachokitazama. Kitu cha hadubini ni kidogo na kiko karibu, kwa hiyo lenzi yake ya mbele ni ndogo, imevimba sana, na hukikaribia kitu hadi kukaribia kukigusa. Kitu cha darubini kiko mbali na mwanga wake hufika ukiwa hafifu. Kwa hiyo lenzi yake ya mbele ni pana, ili ikusanye mwanga mwingi, kama karai linavyokinga mvua nyingi kuliko kikombe. Lenzi hiyo hukutanisha miale mbali, na ndiyo sababu darubini ni ndefu. Wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani kwamba darubini ni ndefu ili ifike mbali. Nimeyasahihisha majibu hayo kwa uchungu.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Rasoa, mtunza maabara aliyenitangulia, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyopenya ukuta. Siku yangu ya kwanza nilitoa ncha ya shati nikaanza kufuta lenzi ya hadubini. Nilidhani naonyesha bidii.

"Wewe! Toa shati kwa lenzi yangu!" alinipigia kelele kutoka stoo. "Hiyo shati imebeba vumbi ya kutoka stendi mpaka hapa, na wewe unaisugua kwa kioo kama sufuria ya kupikia obusuma!"

"Samahani, Mama."

"Usiniambie samahani. Ambia lenzi."

Na kweli alinisimamisha pale mpaka nikaiomba lenzi radhi. Kisha akanionyesha: kwanza brashi laini iondoe vumbi, maana chembe ya mchanga ikisuguliwa huchora kioo milele, halafu ndipo kitambaa safi cha pamba, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda pembeni. Kupuliza kwa mdomo alikataza kabisa. "Unalenga kutoa vumbi, unaweka mate," alisema.

Sheria yake ya pili niliifuata hadi nilipostaafu. Unapotafuta picha kwenye hadubini, usiteremshe lenzi huku jicho liko kwenye tundu. Inama, tazama kwa ubavu, teremsha lenzi hadi karibu na kioo cha sampuli. Kisha weka jicho, halafu uipandishe polepole, ukienda mbali na sampuli, hadi picha itokee. Anayefanya kinyume husikia kwanza mlio mdogo, kama wa mtu aliyekanyaga ganda la yai. Baada ya hapo huja kwangu na vipande viwili vya kioo mkononi, akisema vilikuwa hivyo alipovikuta.

Baadaye ofisi ya elimu ya kaunti ilinipa jukumu la kukagua vifaa vya maabara katika shule nyingi, lakini kituo changu kilibaki hapa, katika chumba cha nyuma cha maabara ile ya zamani. Katika ukaguzi nilijifunza jambo moja ambalo ningependa mlibebe. Kifaa kikionyesha jambo la ajabu, kabla ya kukilaumu, mkague mtazamaji.

Mwalimu mmoja kijana huko Chekalini aliwahi kutupigia simu kwa hofu. Alikuwa ameona mnyama katika maji ya kisima cha shule. Nilipofika, kisima kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo, na wanafunzi, kwa masikitiko makubwa, walikuwa wameacha kuoga.

"Ni kubwa, Mzee," aliniambia. "Iko na miguu mirefu, nyeusi, imejipanga kama kichana. Na inatembeanga."

"Hutembea wakati gani?"

"Nikishtuka."

Niliweka jicho langu. Niliona maji, na chembe za vumbi. Nikamwambia sioni mnyama.

"Imejificha. Hebu." Akainama. "Hii hapa! Imerudi!"

Nikatazama tena. Hakuna. Akatazama yeye. Yupo.

"Mwalimu," nikamwambia, "mnyama huyu huja nawe na huondoka nawe. Fumba jicho polepole. Unaona nini?"

Alifumba polepole. "Inainama," alisema.

Zilikuwa kope zake. Kijana yule, kusema haki, alikuwa na kope ndefu, na alilibana jicho kwenye tundu kama mtu anayechungulia harusi ya watu. Alinisihi nisiandike ripoti. Niliandika, kwa kuwa ripoti ni ripoti: hadubini nzima, kisima kizima, mtazamaji asogee nyuma kidogo. Jina lake sikuliweka.

Nimewapa kisa hicho ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani darubini ilipoletwa hapa shuleni, na mjipime kama mtu wa namna hiyo anaweza kufunga lenzi nyuma mbele.

Darubini ilitoka kwa wahisani, ndani ya sanduku refu lililojaa majani ya plastiki. Niliifunga mwenyewe, nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu nje ya maabara, na bodi nzima ikaja kuizindua mchana. Alikuwepo Mwalimu Mkuu wetu, Madam Ayuma. Alikuwepo mchungaji wa kanisa lililo ng'ambo ya bonde, ambaye alikuwa mjumbe wa bodi. Na mbele yao wote alikuwepo Mzee Shivachi, mwenyekiti, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa hilohilo. Kwa heshima ya kanisa, waliamua kwamba kitu cha kwanza kutazamwa kiwe kanisa.

Mwenyekiti aliinama. Akakaa ameinama kwa muda ambao haukuwa wa kawaida.

"Msalaba unatazama chini," alisema, bila kuondoa jicho.

"Ndiyo, Mzee," nikajibu. "Darubini hii imetengenezwa kwa ajili ya mwezi na nyota. Huko hakuna—"

"Mimi sijauliza habari ya mwezi. Bwana Maabara, akina mama wa kwaya wamening'inia kama popo."

Madam Ayuma aliuliza kama haiwezekani kuligeuza bomba tu. Nilieleza kwamba hilo halitasaidia, lakini wajumbe wawili walikuwa tayari wamelishika. Waliligeuza bomba, la juu likawa chini. Mzee Shivachi akatazama. Kanisa lilibaki kichwa chini. Mjumbe mmoja akapendekeza mtazamaji ndiye ageuke. Mchungaji akakohoa.

"Jumapili ikifika na kanisa halijasimama," Mwenyekiti alitamka, "hicho kitu kitoke shuleni."

Ndani ya sanduku kulikuwa na kiwiko, yaani kipande kifupi kilichopinda, chenye kioo bapa ndani yake kilicholala kwa mshazari. Ukikichomeka kabla ya lenzi ya jicho, huhitaji kupinda shingo kutazama juu, na zaidi ya hayo, kile kioo hurudisha juu kuwa juu na chini kuwa chini. Kuna jambo ambalo hakiwezi kulirudisha. Kulia na kushoto hubaki vimebadilishana. Mnalijua jambo hili vizuri kuliko mnavyodhani. Mkijitazama kwenye simu kabla ya kujipiga picha, maandishi ya fulana zenu husomeka kinyume ingawa vichwa viko juu. Ndivyo ilivyo.

Nilikichomeka kiwiko. Kanisa likasimama. Wajumbe wakapiga makofi. Na hapa naomba msome taratibu. Makofi yalipokwisha, nilisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe, kanisa limesimama, lakini mkumbuke kwamba kulia sasa kunaonekana kushoto, na kushoto kulia, kama kwenye kioo cha kinyozi."

Mzee Shivachi alinipiga bega kwa upole.

"Mambo ya kushoto na kulia ni ya madereva," alisema. "Mimi nilitaka kanisa lisimame."

Walicheka wote, Madam Ayuma akiwemo, mchungaji akiwemo. Wasingeweza kucheka kama hawakusikia. Kwa hiyo onyo lilitolewa, na lilipokelewa.

Sasa nifike kwa Saruji. Mnafahamu jinsi fahali wanavyopiganishwa huku kwetu, na mnafahamu kwamba kuna makanisa yasiyopenda. La Mzee Shivachi halikupenda. Ndiyo sababu fahali aliyeitwa Saruji alilala kwa Likhanga, mtoto wa dada yake, akasemekana ni wa Likhanga, ingawa majani aliyokula yalikatwa kwenye shamba la Mzee, na jina lake alipewa na Mzee. Siri hiyo ilijulikana na watu wote isipokuwa mchungaji.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa peke yangu maabara, nikisafisha lenzi, kwa kuwa Jumamosi hakuna vipindi. Kutoka bondeni ilisikika isukuti, ngoma zile ambazo hata mtu mzito kama mimi huzisikia magotini. Mzee Shivachi akaingia, amevaa koti lake la kanisani na kofia.

"Nimekuja kukagua vifaa."

"Karibu, Mzee. Kifaa gani?"

"Hicho kirefu."

Dirisha la maabara ya zamani, mlioiona mtakumbuka, lilitazama moja kwa moja uwanja ulio chini bondeni. Ni mbali. Kwa macho matupu, watu walikuwa kama siafu waliomwagikiwa na chai. Niliisogeza darubini dirishani. Mimi ni mtumishi wa umma, na mwenyekiti wa bodi ana haki ya kukagua. Mzee akatoa simu, akampigia mpwa wake, na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri, aliifungulia sauti yote.

"Khotsa! Unatuona?" Likhanga alipiga kelele juu ya ngoma. Ndivyo tunavyomwita kaka ya mama.

"Naona watu. Naona ng'ombe mbili, zote nyeusi. Yetu ni gani?"

"Ukiwa hapo juu kwa shule, Saruji ndio ile ya kushoto. Stima ni ya kulia. Usichanganye, Khotsa!"

"Nitachanganya aje na niko na darubini?"

Simu ikakatika. Nikasogea.

"Mzee, kumbuka kwamba kushoto—"

"Nyamaza, Bwana Maabara, wanatazamana."

"Kwa sababu ya kiwiko, yule unayemwona—"

"Wamekutana! Wewe mtu, unataka nikose hii kitu?"

Nilijaribu mara nyingine. Aliinua kiganja bila kugeuka, kama afanyavyo kanisani mtoto akilia wakati wa maombi. Nami nikanyamaza. Mtu akikataa maelezo ya kiufundi, hakuna kanuni ya utumishi inayokuruhusu kumfumba macho.

Fahali huzunguka wakipigana, lakini Mzee alikuwa amemshika kwa jicho yule aliyemwona kushoto tangu mwanzo, na hakumwachilia. Alimsukuma kwa maneno, kwa mabega, na kwa goti, hadi meza ikatembea. Ghafla fahali wa pili aligeuka, akapasua umati, akaingia kwenye miwa na kupotea.

"Stima imepotea!" Mzee aliruka. Nasema aliruka. "Bwana Maabara, stima imepotea mchana!"

"Mzee, nakuomba uketi. Aliyekimbia ni—"

Lakini alikuwa anapiga simu. Likhanga hakushika. Baadaye ilijulikana kwamba wakati huo alikuwa ndani ya miwa, akimfuata Saruji.

Isukuti ikaanza kupanda kilima. Mnajua washindi hawaendi nyumbani kimya. Huja na fahali wao barabarani, amefungwa majani kwenye pembe, na barabara yao ilipita getini kwetu. Mzee Shivachi akavua koti. Akanikabidhi kofia. Akatoka mbio.

Nilimfuata, kofia yake mkononi, nikisema "Mzee, Mzee, kulia ni kushoto," maneno ambayo, nikikumbuka, hayakuwa na nafasi ya kumsimamisha mtu. Nilipofika getini, alikuwa tayari yuko mbele ya kundi, mikono imepanuka, mabega yakitetemeka kama ya kijana. Vumbi lilikuwa limefika kiunoni. Wacheza ngoma, walipoona mwenyekiti wa bodi na mzee wa kanisa anacheza mbele yao, walipagawa, wakapiga kwa nguvu zaidi.

Nyuma ya fahali alikuja mmiliki wake, Mzee Mukhwana, mtu wa ng'ambo ya mto, ambaye yeye na Shivachi walikuwa hawasalimiani tangu nisipokumbuka lini. Alisimama. Akamtazama Shivachi kama mtu aliyetembelewa na malaika.

"Shivachi! Ni wewe unachezea ng'ombe yangu?"

"Ng'ombe yako?" alisema Mzee Shivachi.

Kwa ajili ya ngoma, aliyesikia jibu hilo ni mimi tu, niliyekuwa karibu, kofia yake mkononi. Mzee alimtazama fahali. Akanitazama mimi. Niliona uso wake ukipitia mambo mengi kwa mfululizo. Lakini hakusimama. Mtu akisimama katikati ya ngoma atatakiwa aeleze. Aliendelea kucheza.

Na hapo, kwenye bodaboda, akafika mchungaji.

Mukhwana ndiye aliyemkimbilia. Alikuwa analia waziwazi. "Mchungaji, tazama! Stima ameshinda ng'ombe ya mpwa wake, na huyu mtu amekuja kunichezea! Kwa barabara! Mimi ambaye sikumpa hata salamu ya mulembe miaka yote hii!"

Mchungaji aliyapokea hayo. Jumapili alihubiri juu ya kumfurahia mshindani wako, na mfano ulikuwa Mzee Shivachi, ambaye alitakiwa asimame ili waumini wamwone. Alisimama. Mukhwana alikuwa amekuja kanisani hapo kwa mara ya kwanza, amembebea ingokho, jogoo mkubwa mwekundu, akamkabidhi mbele ya madhabahu.

Mngedhani mambo yangeishia hapo. Mkutano wa bodi uliofuata, ajenda ya kwanza ilikuwa darubini. Mwenyekiti alitaka iondolewe shuleni kama kifaa kibovu, ikauzwe kwa watu wa vyuma, na ofisi ya kaunti iombwe kunitafutia kituo kingine. Hatari ilikuwa hiyo, vijana. Mngesoma habari za mwezi kwa michoro ya ubaoni, nami ningeondoka hapa na sifa ya mtu aliyefunga kifaa kinachosema uongo.

"Hii kitu ni mwongo," alisema Mwenyekiti. "Inadanganyanga watu."

Madam Ayuma, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, aliinua kalamu. "Ilidanganya kuhusu nini, Mwenyekiti? Niandike."

"Ilinionyesha..." Mzee akaishia hapo.

Mkono wake wa kulia alikuwa ameketi mchungaji, akimtazama kwa upendo mwingi.

"Ilikuonyesha nini, ndugu yangu?" mchungaji akauliza.

Mzee Shivachi alitoa kitambaa, akafuta paji la uso, akakikunja, akakirudisha. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nilisimama, kwa kuwa kwenye bodi mtumishi husema amesimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna mambo mawili tu. Ama darubini ilikudanganya, na basi itabidi iandikwe ilikudanganya juu ya jambo gani, siku gani, na ukafanya nini baada ya kudanganywa. Ama haikukudanganya, na lolote ulilofanya siku hiyo ulilifanya kwa hiari yako na kwa moyo mweupe. Katika hali hiyo ya pili, kifaa ni kizima."

Nje, mtu alikuwa anafukuza mbuzi kwenye maua ya shule.

"Andika," alisema Mzee Shivachi, "darubini ni nzima."

"Na Bwana Maabara?" akauliza Madam.

"Pia huyo ni mzima. Lakini kile kiwiko kitoke."

Kiwiko kikatoka, kikaingia kwenye droo, na kanisa likarudi kichwa chini. Hakuna aliyelalamika tena. Miezi ile, wanafunzi waliona mashimo ya mwezi na pete za Zohali kwa macho yao, na mwezi, kama nilivyotaka kusema tangu awali, hauna paa wala msalaba.

Sasa uvumi ulitoka wapi? Ulitoka kwa Likhanga. Yeye alijua alisema kushoto. Alipotoka kwenye miwa na kusikia mjomba wake amechezea Stima, alipiga hesabu zake, akatangaza sokoni kwamba yule mtu wa maabara amefunga lenzi nyuma mbele. Kukanusha, Mzee asingeweza bila kueleza alikuwa anatazama nini dirishani. Nami nisingeweza bila kumvua nguo mbele ya mchungaji wake. Kwa hiyo tulinyamaza wote wawili, yeye na heshima yake, mimi na aibu isiyo yangu, mpaka ikafika kipaza sauti cha mgeni wenu wa heshima.

Wiki iliyofuata sherehe nilipanda bodaboda nikaenda kwa Mzee. Nilimkuta nje, miguu kwenye jua, fimbo mapajani. Mukhwana alikwishafariki, Mungu amrehemu, na mchungaji alikwishastaafu akahamia kwao. Nilimweleza kwamba nimeombwa kuandika, na kwamba sitaandika bila idhini yake, lakini pia sitaandika uongo.

"Watoto watasema nilikuwa mjinga," alisema.

"Watasema hukunisikiliza, Mzee."

"Hiyo ni ukweli. Sikukusikiliza." Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Na yule jogoo, unajua nilimla? Nilikaa naye wiki mbili, kila akiwika naona ananicheka. Nikasema hapana."

Nikamwokotea fimbo. Nikauliza kama basi ninayo idhini.

"Andika. Lakini uandike yote, usiandike hesabu za vioo peke yake." Akaniinamia, akatazama kama mke wake yuko karibu. "Siku ile getini, wewe ndiye ulishikilia kofia yangu. Uliniona vizuri kuliko mtu yeyote. Nilicheza aje?"

Vijana, kumbukumbu isiyokamilika si kumbukumbu. Kwa hiyo naandika, na naomba nakala ihifadhiwe maktaba. Lenzi zilikuwa zimefungwa inavyopaswa. Onyo lilitolewa mbele ya mashahidi, na likarudiwa siku ya tukio. Darubini haikumdanganya mtu. Saruji alikuwa kushoto, na alishindwa kwa haki. Na Mzee Shivachi, hata baada ya kujua ni fahali wa nani, alicheza vizuri kuliko wote waliokuwa barabarani.